Ugonjwa Hupanda Melini Pamoja na Abiria

 Mpunga wa Usangu umevunwa, mashine za kukoboa hapa Chimala zinanguruma mchana kutwa, na huu ndio msimu ambao watu wetu husafiri. Mwenye mchele anaufuata Dar es Salaam, na wengine wanavuka nao hadi Unguja. Aliyealikwa harusi Mbamba Bay anateremka Kyela kutafuta meli. Wazee wanakwenda kuwaona wajukuu, wagonjwa wanakwenda Muhimbili, vijana wanakwenda kutafuta maisha. Leo naomba tuzungumze kuhusu afya ya mtu anayesafiri kwa meli.

Najua yuko atakayesema Chimala na meli wapi na wapi, bahari iko zaidi ya kilomita 700 kutoka hapa. Ni kweli. Lakini Ziwa Nyasa liko nyuma ya milima hii tunayoiona kila asubuhi, na MV Mbeya II inayofanya kazi katika ziwa hilo inabeba abiria 200 na tani 200 za mizigo. Na pale bandarini Dar es Salaam, kila siku utawakuta watu wa Mbarali, Makete na Mufindi kwenye foleni ya boti ya Unguja. Wengi wao wanapanda chombo cha majini kwa mara ya kwanza maishani, na hawajaambiwa lolote zaidi ya "usisogee ukingoni."

Jambo ninalotaka tulishike ni hili: meli haizalishi ugonjwa. Ugonjwa unapanda na abiria. Unapanda kwenye mikono yake, kwenye chakula alichofungasha, kwenye dumu lake la maji. Ukishaingia mle ndani unakuta kila unachohitaji: watu wengi, nafasi finyu, vyoo vichache vya kuchangia, vyuma na viti vinavyoshikwa na kila mtu, na hakuna pa kushukia mpaka mfike.

Nitakupa mfano wa hapahapa nchini. Aprili 2015 machafuko ya kisiasa yalizuka Burundi, watu wakaanza kukimbilia kwetu. Maelfu walifikia Kagunga, kijiji kidogo kando ya Ziwa Tanganyika, jirani kabisa na mpaka. Nyuma ya kijiji ni mlima mkali, mbele ni ziwa, na barabara ya gari haikuwapo. Katikati ya Mei mashirika ya kimataifa yalikadiria kuwa watu wapatao 50,000 walikuwa wamejazana pale ufukweni. Vyoo havikutosha hata kidogo. Ziwa walilochota maji ya kunywa ndilo hilohilo waliloogea na kufulia. Kipindupindu kikaingia, na ilipofika tarehe 22 Mei wagonjwa walikuwa takriban 3,000, na waliofariki 31.

Njia ya kuwatoa watu wale ilikuwa majini tu. Ikaitwa MV Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 ili adui asiitumie, ikaopolewa na Waingereza mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Bibi kizee huyo wa ziwa ndiye aliyewabeba watu kama 600 kwa mkupuo hadi mjini Kigoma. Pale Kagunga hapakuwa na gati ya kuifunga meli kubwa, kwa hiyo watu walipelekwa kwa mitumbwi hadi ubavuni mwake, mama na mtoto mgongoni, mzee ameshikwa mkono, furushi limetangulia. Sasa fikiria kazi ya wahudumu wa afya katika hali hiyo. Kipindupindu kinaweza kuanza saa chache tu baada ya mtu kumeza vimelea, na kinaweza pia kungoja hadi siku tano. Maana yake mtu anaweza kupanda meli akiwa mzima wa kutazamwa, akashuka hajiwezi. Humwoni, hujui ni nani, na amekaa bega kwa bega na mwenzake safari nzima.

Kilichowaokoa walio wengi hakikuwa kitu cha ajabu. Yalikuwa maji yaliyotiwa klorini, sabuni, vyoo vilivyochimbwa kwa haraka, dripu kwa waliozidiwa, na pakiti za ORS, yaani chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini. Wiki zilizofuata wagonjwa wapya walipungua sana. Nakisimulia kisa hiki kwa sababu vitu hivyo vyote vinapatikana Chimala leo, madukani na hospitalini, na bado watu wetu wanasafiri bila hata kimoja.

Tena si jambo la jana. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Zanzibar wakati kipindupindu kilipoupiga mji ule mwaka 1869 na 1870, aliandika kitabu kizima kilichochapishwa mwaka 1876, akifuatilia jinsi ugonjwa ulivyosafiri kwa njia za misafara ya bara na kwa majahazi ya pwani. Alichokiona ni kwamba ugonjwa ulipita pale pale walipopita wafanyabiashara. Leo misafara imekuwa mabasi, na sisi tuliopo kwenye barabara kuu ya TANZAM tumekaa katikati ya njia hiyo. Basi linalotoka Tunduma linapita mlangoni kwetu, linapita Makambako, linapita Mafinga, na jioni limeshafika Dar es Salaam. Abiria wake mmoja kesho asubuhi yuko kwenye boti.

Kwa hiyo safari ya meli kwa mtu wa Chimala inaanzia kituo cha basi, na hapo ndipo tunapoharibu mapema. Wengi wetu tuna desturi ya kujinyima maji siku ya safari. Mama anaamka saa kumi usiku, anafunga mizigo, na hata chai hanywi, kisa anaogopa kumwomba dereva asimamishe gari akachimbe dawa. Namwelewa kabisa. Gari likisimama ni porini, wanaume huku, wanawake kule, na kanga ndiyo ukuta. Ni fedheha kwa mtu mzima. Lakini ona mwili unavyolipa. Saa kumi na mbili au zaidi barabarani, jua la Ruaha Mbuyuni linachoma kupitia kioo, na tone la maji halijapita kooni. Akifika Dar kichwa kinamgonga, mkojo ni wa njano iliyokolea, mwenye shinikizo la damu linapanda, mjamzito tumbo linamvuta. Kesho yake anapanda boti, bahari inachafuka, anaanza kutapika. Kile kidogo kilichobaki mwilini kinatoka nacho.

Ushauri wa wataalamu ni mwepesi: kunywa kidogo kidogo njia nzima. Usimeze lita moja kwa mkupuo halafu ukateseka, piga mafunda mawili matatu kila baada ya muda, na kila gari linaposimama kwa ajili ya chakula tumia choo hata kama hujabanwa. Ukipata nafasi ya kushuka, shuka utembee. Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti mwaka 2007 yakionyesha kwamba kukaa kitini zaidi ya saa nne mfululizo kunaongeza karibu mara mbili hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Hatari hiyo kwa mtu mmoja mmoja bado ni ndogo, lakini kwa mjamzito, mzee, mtu mnene au aliyefanyiwa upasuaji karibuni si ya kupuuzwa. Kunja na kukunjua miguu ukiwa umekaa. Vidole vya mguu juu, kisigino juu, na tena.

Chakula nacho. Gari likisimama tu, dirisha linajaa mikono: mayai ya kuchemsha, mahindi ya kuchoma, karanga, ndizi, soda. Siwalaumu wauzaji, wanatafuta riziki na wengi ni watoto wetu. Kula kitu chenye moto wa papo hapo au kitu unachokimenya mwenyewe. Ndizi ya Tukuyu ina ganda, yai lina ganda, chungwa lina ganda, na maganda hayo yanafanya kazi ya ulinzi ikiwa tu mkono unaomenya ni msafi. Mkono uliohesabu chenji ya konda ukamenya yai bila kunawa umerudisha uchafu wote ndani. Wali ulioupika jana usiku ukaufungia kwenye hotpoti hadi leo mchana uache nyumbani. Najua sisi ni watu wa mchele na wali tunauheshimu, lakini wali uliokaa uvuguvugu kwa saa nyingi unaotesha vijidudu vyenye sumu, na kuupasha tena hakuiondoi sumu hiyo.

Twende sasa kwenye meli yenyewe, na kwenye kutapika, maana ndicho kinachowatisha watu wa bara kuliko kingine chochote.

Aliyewahi kupanda kwenda Matamba kwa ile barabara ya kona 57 anajua kichefuchefu kinavyokuja. Kona ya kumi mate yanajaa mdomoni, kona ya ishirini jasho jembamba linatoka, na mtu aliyekuwa akipiga soga ananyamaza ghafla. Baharini ni hivyohivyo, tofauti ni kwamba barabara yenyewe ndiyo inayopanda na kushuka. Chanzo chake kimo sikioni. Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kinachoiambia akili kwamba mwili unatikisika. Ukiwa umeinamia simu, jicho linaiambia akili kwamba umetulia. Taarifa mbili zinagongana, na tumbo ndilo linaloumia. Ndiyo maana dereva hatapiki kwenye kona zilezile: jicho lake linaiona kona kabla mwili haujayumba.

Basi fanya kama dereva. Kwenye boti tafuta pa kukaa katikati ya chombo, mbali na omo, kwa sababu sehemu ya mbele ndiyo inayorushwa zaidi na mawimbi. Tazama mbali, pale bahari inapokutana na mbingu, usitazame simu wala gazeti. Ukiruhusiwa kukaa sitahani penye upepo, kaa. Usipande na njaa kali wala usipande umeshiba ukashindwa kupumua. Kipande cha mkate au muhogo na chai ya tangawizi vinatosha. Kuna vidonge vya kuzuia kichefuchefu vinavyouzwa duka la dawa, na siri yake ni kumezwa mapema, kama saa moja kabla ya kupanda. Ukisubiri uanze kutapika, kidonge kinatoka na matapishi. Vingi vinaleta usingizi, kwa hiyo asimeze mtu atakayeendesha pikipiki akishashuka, na mjamzito au mama wa mtoto mdogo amuulize kwanza mfamasia.

Jua pia majira. Kusi linapovuma, na huwa na nguvu hasa Juni hadi Agosti, ndio wakati huohuo watu wetu wanapokuwa wamemaliza kuvuna na kuingia safarini. Ziwa Nyasa nalo lina mwera wake unaovuma kutoka kusini miezi ileile, na wenyeji wa Matema na Lupingu hawauchezei. Safari ya Dar hadi Unguja kwa boti ya haraka ni kama saa mbili, lakini siku ya kusi kali saa mbili hizo ni ndefu.

Wahudumu wa boti hupita wakigawa vifuko vya kutapikia, na hapa nakuomba uwe makini nami. Mtu akitapika kwa sababu ya mawimbi, mwenzake hawezi kuambukizwa. Lakini mtu anaweza kutapika kwa sababu ana virusi vya tumbo, na hapo matapishi ni hatari kwa safu nzima ya viti. Wewe huwezi kutofautisha kwa macho. Kwa hiyo chukua kila tapishi kuwa lina ugonjwa. Kifuko kifungwe fundo kabla hakijapokewa. Kilichomwagika sakafuni kifunikwe na kufutwa na mhudumu mwenye glovu na dawa ya klorini, kisifutwe na kanga ya mama ambayo baada ya dakika tano inamfunika mtoto. Nimeona akina mama wakifanya hivyo kwa upendo na aibu, wakitaka tu uchafu wa mtoto wao usiwaudhi wengine. Mama, mwite mhudumu. Ni kazi yake na amelipwa kuifanya.

Kwenye zile meli kubwa za starehe zinazozunguka dunia, ambazo nyingine hutia nanga hata Zanzibar, kirusi kinachosumbua zaidi kwa kuharisha na kutapisha kinaitwa norovirasi. Chembe chache sana zinatosha kumlaza mtu. Kinakaa kwenye bomba la ngazi, kitasa cha mlango na kijiko cha kupakulia. Aliyeugua anaendelea kukitoa mwilini hata siku kadhaa baada ya kujisikia mzima. Na hili watu wengi hawalijui: vile vitakasa mikono vyenye spiriti tulivyovizoea tangu Korona havikiwezi vizuri. Kinachokiondoa ni sabuni na maji yanayotiririka, mikono ikasuguliwa kwa sekunde 20, katikati ya vidole na chini ya kucha. Chupa yako ya kitakasa ibebe, inasaidia kwa mengine, lakini isikae badala ya sabuni. Kipande cha sabuni ya mche kilichokatwa na kufungwa kwenye mfuko mdogo hakina uzito, na kwa safari kina thamani kuliko manukato.

Korona yenyewe ilitupa somo kubwa majini. Februari 2020 meli ya Diamond Princess ilizuiwa Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711. Waliopatikana na maambukizi walifikia 712. Meli ile ilikuwa na vyumba vya fahari na madaktari wake, na bado ugonjwa ulipita, kwa sababu watu walikuwa wamekula pamoja, wameimba pamoja na kupumua hewa moja kabla hatari haijajulikana. Zanzibar walijua zamani kwamba ugonjwa hushuka na abiria. Kisiwa cha Changuu, mkabala na Mji Mkongwe, kina jengo lililojengwa kuwa gereza mwishoni mwa karne ya 19, lakini kazi iliyokuja kufanyika kisiwani ni kuwatenga abiria wa meli waliohofiwa kuwa na maradhi kabla hawajaruhusiwa kuingia mjini. Mtu mwenye mafua makali au kikohozi cha wiki mbili asione haya kuvaa barakoa kwenye boti. Na kikohozi cha wiki mbili kisisafiri kabla hakijapimwa kifua kikuu.

Nilisema ugonjwa wa melini unategemea mtu amepanda na nini. Ulizeni mabaharia wa Vasco da Gama. Walipokuwa wakirudi kutoka India walikaa baharini karibu miezi mitatu bila mboga wala matunda. Kiseyeye kikawashika: fizi zikavimba na kufunika meno, miguu ikajaa, nao wakafa watu 30 katika kuvuka huko. Januari 1499 walipotia nanga Malindi walichokiomba kwa haraka ni machungwa kwa ajili ya wagonjwa wao. Mabaharia waliobaki walikuwa wachache mno kuendesha meli zote, ikabidi meli moja, São Rafael, ichomwe moto huku pwani yetu, upande wa Tanga. Iliwachukua Wazungu zaidi ya miaka mia mbili baadaye, mwaka 1747, mpaka daktari wa meli James Lind alipowajaribu mabaharia 12 kwa vyakula mbalimbali na kuonyesha kwamba waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi. Safari zetu ni fupi na kiseyeye hakitatupata. Lakini Nyanda za Juu Kusini tuna parachichi, ndizi na matofaa, na mtu anaviacha nyumbani akanunue biskuti na soda njiani.

Sasa nazungumza na wanaotumia dawa kila siku, na nazungumza nanyi kwa heshima. Utafiti wa kitaifa wa 2016 na 2017 ulionyesha kwamba mikoa yetu ya Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo iliyokuwa na viwango vya juu vya maambukizi ya VVU nchini: Njombe asilimia 11.4, Iringa 11.3, Mbeya 9.3. Kwa hiyo katika kila basi linalopita Chimala wamo watu wanaotumia dawa za kufubaza virusi, na wamo wanaoziacha nyumbani kwa sababu watalala kwa shemeji na hawataki maswali. Nakusihi usifanye hivyo. Beba dawa za siku zote za safari na za wiki moja ya ziada, maana meli hukwama na hali ya hewa huchafuka. Zihamishie kwenye kichupa cha kawaida kama unataka faragha, mradi zikae kavu na uzikumbuke kwa saa yake. Chukua kadi yako ya kliniki ya tiba na matunzo, CTC. Ukipungukiwa ukiwa mbali, nenda kliniki ya huko ujieleze. Ushauri ni huohuo kwa mwenye kisukari na mwenye presha. Dawa zikae kwenye mkoba unaoupakata. Usiziweke kwenye begi la buti, wala kwenye shehena ya meli ambako huwezi kushuka kuzifuata.

Kuna malaria pia. Ndugu zangu wa Makete, Njombe na Mufindi, baridi yenu imewakinga, mbu wa malaria kwenu ni wachache, na kwa sababu hiyohiyo miili yenu haijazoea ugonjwa huo. Usiku mmoja wa kusubiri meli Kyela bila chandarua unatosha. Homa haiji kesho yake. Kwa kawaida huja baada ya wiki moja au mbili, wakati umesharudi mlimani na kila mtu anadhani ni mafua ya baridi. Ukipata homa baada ya safari, mwambie mganga ulikuwa wapi, na usikubali kuondoka bila kipimo. Na unapoisubiri meli pale ufukweni usiingie majini kuoga kwa sababu ya joto. Ziwa Nyasa lina kichocho katika maji ya kando yenye majani na konokono, ugonjwa ambao sisi wa mashamba ya mpunga tunaufahamu vizuri. Mkojo wenye damu wiki kadhaa baada ya safari si wa kuonea aibu. Kuna vidonge vyake, na vinaponya.

Halafu wingi wa watu. Septemba 2011 MV Spice Islander I ilizama Nungwi ikiwa imejaza kupita kiasi. Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka Ukara ikiwa imejaza kupita kiasi, na watu zaidi ya 200 walikufa wakiwa karibu na gati. Tunazitaja ajali hizi kama habari za usalama, nazo ni habari za afya pia, kwa sababu chombo kilichojaza kupita uwezo wake kina vyoo visivyotosha, maji yasiyotosha na jaketi okozi zisizotosha, vyote kwa pamoja. Ukiona watu wanaendelea kupakiwa na hakuna pa kukaa, shuka. Nauli inatafutwa tena.

Mtu akianza kuharisha safarini, wewe uliye karibu unaweza kumsaidia kabla daktari hajapatikana. Pakiti moja ya ORS inakorogwa kwenye lita moja ya maji safi. Kama haipo, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Mtoto mpe kwa kijiko, polepole, na akitapika subiri dakika kumi uanze tena. Anayenyonya aendelee kunyonya. Macho yakizama, ngozi ikifinywa isirudi haraka, au mtoto akilegea, hapo ni hospitali, na nahodha aambiwe ili atoe taarifa bandarini kabla hamjafika.

Mwisho, nina ombi kwa wenye mabasi na wenye meli. Ndoo yenye koki, beseni la kupokea maji na kipande cha sabuni mlangoni mwa choo, hiyo si gharama ya kukufilisi. Mwekeni mtu wa kuhakikisha maji hayajaisha katikati ya safari. Mamlaka zinazokagua injini na jaketi okozi zikague na sabuni. Na wewe msafiri, ukiamka siku ya safari unaharisha, ahirisha, hata kama umeshakata tiketi. Ukipanda utawaambukiza watu ambao hawana pa kukimbilia.

Ukiwa na swali lolote la afya kabla hujaondoka, piga 199. Ni namba ya Wizara ya Afya, na kupiga ni bure.